Mizani ya Chumvi Mwilini na Fatwa Niliyoitoa Bila Elimu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na kila anayefuata njia yao kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.



Mhariri aliniomba makala ya kutuandaa kwa Ramadhani. Nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa mbili juu ya fadhila za mwezi huo mtukufu, nikaziweka kando. Hazikuwa na kosa, ila kila nikizisoma nilihisi ninakwepa deni. Nina kisa ambacho nimekaa nacho kwa mwaka mzima, na mwenye kisa amenipa ruhusa nikieleze kwa sharti moja, nisitaje jina lake.

Mwenzangu wa chumba alikuja Uganda kusoma kutoka Bujumbura. Ni mmoja wetu sisi tunaobaki msikitini baada ya swala ya Ijumaa tukizungumza Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha inayotukusanya. Miaka miwili kabla ya kuja hapa aliugua kifua kikuu, akatumia dawa miezi sita, akamaliza. Muhula ule ulipoanza akawa anakonda. Mashati yakampwaya. Alilalamika uchovu usioondoka hata akilala usiku kucha. Fizi zake na mistari ya viganja ikawa myeusi kuliko ilivyokuwa. Kisha ikaja tabia ya chumvi. Posho na maharage yetu aliyatia chumvi mara tatu, na usiku mmoja nilimwona akiichota kwenye kikopo na kuilamba kavu kavu. Tukamcheka.

Ramadhani ikaingia, naye akafunga pamoja nasi. Kila akiinuka kutoka kwenye sijda alipepesuka kama mtu wa mashuani. Usiku wa saba, katika tarawehe, akaanguka kwenye safu. Wenzetu wakasema ni jini, na kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma masomo ya Kiislamu, nikaitwa. Nikamsomea ruqya. Sijutii kumsomea, kwani Qur'ani ni shifaa. Ninachojutia ni neno nililosema baada ya kisomo. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Akhi, mwili hauna nguvu kabisa. Nikila mchana nitakuwa na dhambi?" Nikamjibu papo hapo, "Subiri. Huu ni mtihani. Shetani anataka uvunje funga yako."

Akanyamaza, akaendelea kufunga.

Siku ya kumi na mbili, kabla ya Adhuhuri, tulimkuta sakafuni. Alikuwa ametapika, mikono yake baridi, hatambui mtu. Tukambeba hadi hospitali. Daktari alimtazama fizi na viganja, akampima shinikizo la damu, kisha akatugeukia na maswali matatu: Aliwahi kuugua kifua kikuu? Amekonda? Anapenda chumvi? Nilijibu ndiyo mara tatu, na kila ndiyo ilinichoma, maana dalili zote nilikuwa nazo mbele ya macho yangu kwa wiki kadhaa. Majibu ya maabara yakaonyesha sodiamu katika damu iko chini mno na potasiamu iko juu mno. Akatundikiwa maji ya chumvi na kuchomwa sindano ya haidrokotizoni. Kabla jua halijatua alifumbua macho, akaniuliza kama wakati wa Adhuhuri umepita.

Daktari naye alikuwa na swali la nne: "Nani alimwambia aendelee kufunga?" Sikujibu. Makala hii ndiyo jibu langu.

TEZI MBILI NDOGO JUU YA FIGO

Baada ya siku ile nilimwendea dada mmoja wa jumuiya yetu anayesomea udaktari, nikamwomba anifundishe kilichotokea kama anavyomfundisha mtoto. Nilikaa naye na wenzake maktaba jioni tatu. Nitakueleza nilichokielewa, kwa sababu naamini kijana wa Kiislamu hawezi kuilinda amana asiyoijua.

Juu ya kila figo pamekaa tezi ndogo mfano wa kofia, yenye uzito wa gramu nne au tano. Ganda lake la nje hutengeneza homoni za aina ya steroidi kutokana na kolesteroli. Mbili kati ya hizo ndizo zinazohusu kisa chetu: aldosteroni na kotisoli. Mwaka 1855 tabibu wa London, Thomas Addison, alieleza ugonjwa wa watu wanaolegea, wanaokonda na kupiga weusi wa ngozi, na ambao baada ya kufa walikutwa tezi hizi zimeharibika. Mara nyingi mharibifu alikuwa kifua kikuu. Ugonjwa huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake, na ndio uliomshika mwenzangu. Kifua kilikuwa kimepona, lakini tezi zilikuwa zimekwisha kuliwa kimyakimya.

Tezi zikifa, figo zinapata tabu gani? Hapo ndipo nilipostaajabu.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku. Mwili wote una lita tatu hivi tu za maji hayo ya damu, kwa hiyo maji yale yale yanapita kwenye chujio mara 60 kwa siku moja. Ndani yake mna zaidi ya kilo moja ya chumvi. Kama ingetoka yote kwa mkojo, tusingefika jioni. Lakini vijifereji vya figo, karibu milioni moja katika kila figo, huirudisha karibu yote. Sehemu 65 katika kila 100 hurudishwa mwanzoni mwa kijifereji, nyingine kama 25 katika kona yake, na zaidi ya nusu ya kilichobaki mbele kidogo. Mpaka hapo kazi imefanywa bila kusubiri amri ya aldosteroni.

Zinabaki sehemu mbili au tatu tu katika 100. Hizo ndizo zinazoamuliwa na aldosteroni, mwishoni kabisa mwa kijifereji, kabla mkojo haujatoka. Unaweza kusema sehemu mbili ni kitu gani? Piga hesabu. Sehemu mbili katika mia za chumvi ile ni zaidi ya gramu 20 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linatushauri tusile hata gramu tano. Maana yake, mtu aliyepoteza aldosteroni anaweza kumwaga kwa siku moja chumvi nyingi kuliko anayoila kwa siku kadhaa. Rafiki yangu hakuwa na jini la chumvi. Mwili wake ulikuwa unaililia chumvi iliyokuwa ikimtoka mchana na usiku, nasi tukacheka.

AMRI INAVYOTEKELEZWA

Aldosteroni huifikia seli ya figo kwa njia ya damu, ikapenya utando wake na kushikana na kipokezi kinachoisubiri ndani. Viwili hivyo huingia katika kiini cha seli na kuamuru protini fulani zitengenezwe. Ndiyo maana kazi yake haionekani papo hapo. Hupita saa moja hivi ndipo amri ianze kuzaa matunda.

Matunda hayo ni mawili. La kwanza, upande unaotazama mkojo hufunguliwa milango mingi zaidi ya sodiamu, nayo ikaingia ndani ya seli. La pili, upande unaotazama damu pampu huongezwa nguvu na idadi. Kila mzunguko mmoja wa pampu hiyo hutoa ioni tatu za sodiamu kuelekea kwenye damu na kuingiza ioni mbili za potasiamu ndani ya seli. Potasiamu iliyoingia hupata njia yake ya kutokea kwenye mkojo. Basi kwa homoni moja mambo mawili hukamilika: sodiamu huhifadhiwa, maji yakaifuata na shinikizo la damu likasimama, na potasiamu iliyozidi hutolewa nje.

Sasa ondoa homoni hiyo. Sodiamu inamwagika, maji yanaifuata, damu inapungua kwenye mishipa. Mtu anapoinuka kutoka kwenye sijda, damu haifiki kichwani kwa wakati, anapepesuka. Wakati huo huo potasiamu inakusanyika, na potasiamu ikizidi inaweza kuuvuruga mpigo wa moyo hadi kuusimamisha. Sodiamu katika damu inatakiwa kuwa kati ya 135 na 145, na potasiamu kati ya 3.5 na 5, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Angalia upana wa pili ulivyo mwembamba. Uhai wetu umesimama hapo, na hakuna hata mmoja wetu anayesimamia kazi hiyo kwa akili yake.

Liko jambo jingine lililonigusa. Kipokezi kile cha aldosteroni hakibagui. Kotisoli nayo inaweza kushikana nacho kwa nguvu ile ile, na kotisoli katika damu ni nyingi kuliko aldosteroni kwa mamia ya mara. Kwa nini basi haichukui nafasi yote? Kwa sababu ndani ya seli zile yupo mlinzi, kimeng'enya kinachoigeuza kotisoli kuwa kotizoni, isiyoweza kukishika kipokezi. Mlinzi akizuiwa, kotisoli huingia na kuamuru isivyopaswa: chumvi inazidi mwilini, shinikizo linapanda, potasiamu inashuka. Mzizi unaoitwa kwa Kiarabu irq as-sus, unaotengenezewa kinywaji kipendwacho sana Ramadhani huko Misri na Sham, una kitu kinachomzuia mlinzi huyo. Wenzetu wanaoletewa kinywaji hicho na jamaa zao wajue hilo, hasa mwenye shinikizo la damu.

MIZANI

Nilipotoka maktaba jioni ya tatu nilisoma Sura Ar-Rahman katika swala ya Ishaa, na aya za saba hadi tisa zikanizuia kuendelea. Allah anatueleza kwamba ameziinua mbingu na akaweka mizani, kisha anatukataza tusivuke mipaka katika mizani wala tusiipunje. Na katika Al-Infitar, aya ya saba, anamkumbusha mwanadamu kwamba Yeye ndiye aliyemuumba, akamtengeneza na akamlinganisha sawa.

Sitasema kwamba aya hizi zinazungumzia aldosteroni. Tumezoea siku hizi kuilazimisha Qur'ani iseme kila kilichogunduliwa maabara, na kesho maabara wakibadilisha kauli tunabaki na aibu. Qur'ani haihitaji msaada huo. Ninachosema ni kwamba Aliyeweka mizani mbinguni ameiweka pia chini ya mbavu zangu, na amenikataza kuipunja. Siku niliyomwambia mgonjwa asubiri, niliipunja mizani hiyo, na niliipunja kwa jina la dini.

Mtu mwenye afya anapofunga na maji na chumvi vikaanza kumpungukia, figo zake hutoa kitu kinachoitwa renini, nayo huanzisha msururu unaoiamsha tezi imwage aldosteroni. Figo zikabana chumvi. Ndivyo wewe na mimi tunavyofika Magharibi tumechoka kidogo tu. Hiyo ni rehema tunayoila kila siku ya Ramadhani bila kuihesabu. Mwenzangu alikuwa amefunga pamoja nasi safu moja, daku moja, lakini rehema hiyo ilikuwa imeondolewa kwake. Nilimpima kwa mwili wangu.

DAWA YA UJINGA NI KUULIZA

Ndugu zangu, kuna hadithi nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa, na sikuikumbuka siku niliyoihitaji. Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.). Walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akajeruhiwa kichwani. Kisha akaota ndoto iliyomwajibisha kuoga. Akawauliza wenzake kama wanamwonea ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa hiyo, kwani maji anaweza kuyapata. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alikasirika sana, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akashangaa kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, akifundisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Tazameni walikuwa ni akina nani. Hawakuwa wanafiki wala wavivu wa ibada. Walikuwa ni watu waliotaka swala ya mwenzao itimie. Nia yao njema haikuwasaidia, kwa sababu waliijibu mas-ala wasiyokuwa na elimu nayo. Nikijilinganisha nao ninaona tofauti moja tu: Allah alimwokoa mwenzangu. Hiyo haikuwa kazi yangu.

Sheria ilikuwa imekwisha kumfungulia mlango. Katika Al-Baqara, aya ya 184 na 185, Allah amemruhusu mgonjwa na msafiri ahesabu siku nyingine, na akatueleza kwamba anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Katika An-Nisaa, aya ya 29, ametukataza tusijiue nafsi zetu. Katika An-Nahl, aya ya 43, ametuamrisha tuwaulize wenye ujuzi ikiwa hatujui. Na Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza Abdullah bin Amr (R.A.) kufululiza funga kila siku, akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Mimi nilikuwa nimefanyia mtihani aya na hadithi hizi na kupata alama nzuri.

Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga. Basi kwa Ramadhani inayokuja nawausia, na ninaanza na nafsi yangu, mambo manne.

Kwanza, ukiulizwa na mgonjwa kama afunge, mambo yako mawili na yote yana wenyewe. Hali ya mwili ni ya tabibu mwaminifu; hukumu ya hali hiyo ni ya mwanachuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili kama mimi kazi yake ni kumsindikiza mgonjwa kwa wote wawili.

Pili, mwenye kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, iwe ni za ugonjwa huu au prednisoloni kwa pumu na maradhi mengine, asiache ghafla kwa ajili ya funga wala asihamishe saa za dawa kwa kujiamulia. Tezi zilizozoea kusaidiwa kwa dawa huchelewa kuamka, na mwili unaweza kuporomoka kwa muda mfupi. Amwone daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Tatu, ruqya na hospitali si maadui. Msomee ndugu yako, kisha mkamate mkono mwende akapimwe. Anayekonda, anayepepesuka akiinuka, anayetapika, anayetamani chumvi isivyo kawaida, hasa aliyewahi kuugua kifua kikuu, asikae bwenini akihesabu majini.

Nne, tusiwatazame vibaya wasiofunga. Dada zetu wana udhuru wao, wagonjwa wana wao, na si lazima waueleze kwako. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba alikuwa tayari kufungua siku ya tano. Kilichomzuia ni kuogopa macho yetu pale tutakapomwona anakula. Neno hilo lilinilemea kuliko swali la daktari.

Leo anameza vidonge vyake kila siku, haidrokotizoni na fludrokotizoni, vinavyofanya kazi ya tezi zilizokufa. Amenenepa, anacheza mpira, na akiinuka kutoka kwenye sijda anainuka sawasawa. Daktari wake amemwambia mwaka huu asifunge, na kwa kuwa ugonjwa huu hautarajiwi kuondoka, sheikh wetu amemweleza hukumu ya madhehebu yetu ya Shafi: amlishe maskini kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji kwa kila siku. Vibaba vyake amekwisha kuvitenga. Aliponionyesha mfuko wa mchele chini ya kitanda alitabasamu, akasema, "Mwaka huu nitafunga kwa kulisha." Nilitoka nje ili asinione machozi.

Nimekwisha kumwomba msamaha, naye amesamehe. Namwomba Allah msamaha pia, hadharani, kwa kuwa neno langu nilitoa hadharani na kuna waliolisikia wakalibeba.

Ewe Mola wetu, utusamehe tuliyoyasema bila elimu. Utupe elimu yenye manufaa na ujasiri wa kusema hatujui. Uwaponye wagonjwa wetu, uwape wauguzi na matabibu wao nguvu na ikhlasi. Utuhifadhie mizani uliyoiweka ndani yetu tukiwa tumelala na tukiwa macho, na utufikishe Ramadhani tukiwa na huruma kwa viumbe wako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.